Mchoraji chipukizi atangulize nini: studio, chuo au mkopo?

Mchoraji_Mtwara:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nina umri wa miaka 24, ninaishi Mtwara, na huu ni mwaka wangu wa tano katika uchoraji. Nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye naye alilelewa katika karakana za wachoraji wa mtindo wa Tingatinga Dar es Salaam, kwa hiyo nilijifunza kwa namna ileile ya zamani: kwanza kupaka rangi ya nyuma ya picha zake, kisha kujaza madoa ya chui, na baada ya muda mrefu ndipo nikaruhusiwa kuchora mnyama mzima. Tangu mwaka jana nimekuwa nikichora mambo yangu mwenyewe, hasa wanawake wanaobangua korosho, katika turubai kubwa ambazo wateja wa mjomba hawazitaki kwa sababu haziingii kwenye begi la safari. Ninazo picha 19 za namna hiyo, zimeegemezwa ukutani chumbani kwangu.

Nimesikia habari za mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, za chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na za studio za pamoja za Nafasi Art Space, Dar es Salaam. Akiba yangu inatosha kujaribu jambo moja tu. Naomba mnishauri, nitangulize lipi?

Fundi_wa_Turubai:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya fedha na kabla ya cheti, tafuta mahali ambapo kazi yako itaonwa na wachoraji wengine ikiwa bado haijakauka. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa nilichora peke yangu nyumbani kwa miaka tisa, na kosa moja la mwanga lilijirudia katika kila picha bila mtu wa kunionyesha. Nilipopata nafasi ya kufanya kazi katika studio ya pamoja, mwenzangu aliliona siku ya pili.

Nafasi Art Space ilianzishwa mwaka 2008 pale Mikocheni, na studio zake ni makontena ya meli yaliyogeuzwa vyumba vya kazi. Mchoraji, mchongaji na mpiga picha hukaa mlango kwa mlango, maonyesho hufanyika palepale, na sasa wana pia akademi yao ya sanaa ya kisasa. Mgeni anayekuja kumtazama jirani yako hupita mlangoni kwako. Jambo hili si geni kwetu. George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, miaka ya 1970 kama mlinzi, na kwa sababu alikuwa karibu na wasanii kila siku, vinyago na michoro yake vilipata watu wa kuviona, hata jina lake likavuka bahari. Mjomba wako naye ni tunda la mpango huohuo, maana Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wenu, aliyefariki mwaka 1972, hakuacha chuo. Aliacha ndugu na jamaa waliokaa chini pamoja naye wakichora.

Mhasibu_Mpenda_Sanaa:

Naomba niseme juu ya mkopo, kwa kuwa hapo ndipo vijana wengi wanapoumia. Mkopo na ruzuku ni vitu viwili tofauti kabisa: ruzuku hutolewa ili kazi fulani ifanyike, na unatakiwa uoneshe kwamba imefanyika, lakini mkopo una marejesho, na marejesho hayasubiri picha inunuliwe. Mkopo unamfaa mwenye biashara ya sanaa inayozunguka, kama vile mwenye studio ya kurekodi ambaye wateja wake wanajulikana, au hata huyo mjomba anayeuza picha ndogo kila wiki. Kwako wewe, ambaye kazi zako kubwa bado hazijapata mnunuzi wa kwanza, ninauona kuwa mzigo wa mapema. Hata hivyo, usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa usiuahirishe, kwani ndio utakaokutambulisha kuwa msanii mbele ya mifuko na ofisi.

Binti_Shangani:

Ninaafikiana na waliotangulia kuhusu mkopo, lakini Fundi ameipita Bagamoyo kwa haraka mno. Chuo kile kilianza mwaka 1981, na leo, kikiwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kinatoa stashahada ambayo inaweza kukusaidia kupata kazi wakati picha zako zinatafuta njia. Kwa msichana ambaye wazazi wake wanauliza kila mwezi hiyo kazi yake ni kazi gani, karatasi ile ina uzito nyumbani pia. Nisingependa uione kuwa hatua ya walioshindwa.

Jambo la pili ni maandishi. Duka moja lilichukua picha zangu sita kwa ahadi ya kunilipa zikishauzwa. Ziliuzwa, na nikaja kuikuta mojawapo imechapishwa kwenye kadi bila idhini yangu. Sikuwa na hata karatasi moja yenye saini. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, anayenunua picha yako amenunua turubai ile, na haki ya kuichapa inabaki kwako mpaka uihamishe kwa maandishi. Kwa hiyo, dada, kila picha inapotoka mkononi mwako iambatane na hati yenye jina lake, vipimo, bei, mgawo wa duka na tarehe ya malipo.

Mchoraji_Mtwara:

Nimewasikia, na ninawashukuru sana. Mkopo nitauacha. Nitaomba studio ya muda mfupi kwanza, na Bagamoyo nitaiulizia kwa muhula unaofuata. Sasa nimekwama katika maombi yenyewe, kwa sababu wanataka picha za kazi na maelezo ya msanii. Je, nipeleke zote 19? Na zile ambazo sikuzitia saini wala tarehe nizifanyeje?

Fundi_wa_Turubai:

Peleka kumi, mwanangu, zote za wabanguaji korosho. Ukichanganya na chui wa mjomba, wasomaji hawatajua wewe ni nani. Zipige picha nje, kivulini, asubuhi, kamera ikiwa sawa na katikati ya turubai, na chini ya kila moja andika jina, mwaka, vipimo kwa sentimita na aina ya rangi. Katika maelezo usiandike kwamba unapenda sanaa tangu utotoni. Waeleze kwa nini mikono ya wale wanawake umeichora mikubwa kuliko nyuso zao, ikiwa ndivyo ulivyoichora. Zile zisizo na saini zitie saini kwa nyuma, pamoja na mwaka ulioichora kila moja, na usikisie: ule usioukumbuka muulize mjomba.