Mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo asome na chuo kikuu?

Mtoto wa Kikwajuni (mleta mada)

Asalaam aleikum wanajamvi.

Juzi nilikuwa Kilimani, pale Kiinua Miguu, nimempelekea jamaa yangu aliyefungwa sabuni na mswaki. Nasubiri getini, nikasikia mtu ndani anaita, "Wanafunzi, foleni!" Mgeni wa Bara aliyesimama pembeni yangu akaniuliza kama hapa ni skuli. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

Kwa wasiojua: Zanzibar kwa lugha ya serikali hatuna jela. Tuna Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa ni mwanafunzi. Jina zuri. Basi nauliza, mwanafunzi huyu mwisho wake kusoma ni wapi? Useremala, kushona, kilimo, sawa. Mie nazungumzia shahada. Mtu ana kidato cha sita na miaka 15 mbele yake. Chuo Kikuu Huria kinafundisha watu wasiokaa darasani tangu 1994, na vituo kinavyo Unguja na Pemba. Simwombei simu wala intaneti. Namwombea vitabu, meza, na msimamizi siku ya mtihani.

Uganda hapo walishafika. Susan Kigula, aliyekuwa kahukumiwa kifo, alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani ya gereza la Luzira, akatoka 2016. Sie tunashindwa nini?

Bi Mwana

Mwanangu, moyo wako mwepesi kwa sababu hayajakufika.

Binti yangu alidhalilishwa akiwa na miaka tisa, na mtu tunayemjua. Jamaa wakanijia usiku na haluwa mkononi: "Bi Mwana, tusuluhishe, sote ni wamoja." Mashahidi wawili wakaingiwa na muhali, siku ya mahakama hawakuonekana. Nilikwenda na kurudi mpaka viatu vikaisha soli. Mwisho kafungwa, alhamdulillahi. Leo unambie nimuone na joho, kofia ina shada linaning'inia?

Sina Mkopo

Mie nilipata nafasi SUZA, chuo kikuu cha taifa hapa Zanzibar. Barua ninayo mpaka leo, mama kaiweka kwenye kabati la vyombo. Mkopo nikakosa. Mama anauza mihogo na pweza jioni, ada ataitoa wapi. Sasa nashinda barazani. Kama Serikali ina pesa za kusomesha waliofungwa, niambieni mapema nikaibe kuku wa mtu, nihukumiwe, nikasome.

Natania. Lakini si sana.

Niko Ughaibuni

Sina Mkopo, maneno yako hayo ndiyo yaliyofunga mlango Marekani. Wafungwa kule walikuwa wanaruhusiwa kuomba ruzuku ya serikali kwa wanafunzi masikini, inaitwa Pell. Mwaka 1994 wanasiasa wakasimama, wakasema mtoto wa mkulima hana ada na mwizi anasomeshwa. Sheria ikapita, Rais Clinton akatia saini, na masomo ya chuo magerezani yakafa karibu yote. Ukitazama hesabu, fungu la wafungwa lilikuwa halifiki hata dola moja katika kila mia ya ruzuku ile. Na kule kumnyima mfungwa hakukumpa mtoto wa mkulima nafasi yake.

Obama akafungua dirisha dogo la majaribio 2015, Bunge lao likakubali kurudisha haki ile Disemba 2020, ikaanza kutumika Julai 2023. Takriban miaka 30 imepotea. Na taasisi ya RAND ilikusanya tafiti nyingi, ikatoa ripoti 2013: waliosoma wakiwa ndani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi jela, kwa asilimia 43, kuliko wasiosoma.

Yakhe wa Wete

Taratibu na hiyo 43, yakhe. Nani anajiandikisha kusoma jela? Yule aliyekwisha kuamua kubadilika. Huyo hata ungempa jembe tu asingerudi. Wenyewe watafiti wanaijua kasoro hiyo na wanajaribu kuipima, lakini haiishi yote. Halafu ripoti ile ilichanganya elimu ya kila namna, pamoja na watu waliokuwa wanamalizia skuli na waliojifunza ufundi. Usiichukue ukaivika shahada peke yake.

Tena nchi ile ina watu karibu milioni mbili ndani. Sie Pemba mtu akifungwa, Wete nzima inajua kabla ya Alasiri. Akitoka, anayemhukumu mara ya pili ni mtaa. Atakuja na shahada yake ya biashara, aende kuomba kazi, aulizwe alisomea wapi. Ajibu, "Chuo cha Mafunzo"?

Mstaafu

Nimevaa sare ya Mafunzo miaka mingi, niruhusuni niseme la ndani.

Vitabu si tatizo kubwa. Tatizo ni askari. Mshahara wake mdogo, elimu yake kidato cha nne, anataka diploma na ruhusa ya kwenda kusoma hapewi. Mfungie na mtu anayesomea shahada kwa gharama ya Serikali uone kijicho kitakachoota humo. Kitabu kitapotea. Siku ya mtihani funguo haitoonekana. Na ukimpa askari uwezo wa kusema nani asome na nani asisome, umempa bakora nyengine. Kisiwa cha Robben, gereza la Afrika Kusini, watu walisoma kwa posta, Mandela mwenyewe shahada yake ya sheria ya chuo kikuu cha UNISA aliipata 1989 akiwa bado mfungwa, lakini masomo yale yalikuwa ruhusa, na ruhusa inanyang'anywa. Ukiwaudhi wakubwa, vitabu vinachukuliwa.

Mkianza, anzeni na askari, au wote pamoja, darasa moja. Nasema kweli, mnaweza kucheka.

Na mahabusu mnawasahau. Yule hajahukumiwa, hajui atatoka kesho au mwakani. Humwandikishi popote.

Sina Mkopo

Askari na mfungwa dawati moja. Mzee, hii ningelipa kiingilio nikaione.

Fundi

Mie nilikuwa huko. Sisemi kwa kosa gani, nimeshalipa.

Shahada sikuitaka. Nilitaka kumwandikia mke wangu barua bila ya kumwomba mtu. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa mwalimu wa skuli, yeye ndiye aliyetuandikia, barua moja kipande cha sabuni. Unamwambia maneno ya mkeo mbele ya watu wanane wanasikiliza. Mara ya tatu nikaona haya. Nikamwambia maalim, chukua sabuni ile ile lakini nifunze. Miezi minne. Barua ya kwanza niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa mistari mitano na mke wangu hakuamini kama ni mie, alidhani nimekufa na mtu anamfichia.

Maalim yule yeye ndiye aliyekuwa akililia chuo kikuu. Alikuwa na muda mrefu wa kukaa. Kama angepata, nadhani angetufunza hata bure.

Mtoto wa Kikwajuni

Fundi, umeigeuza mada yangu na nakushukuru. Nabadilisha ombi. Kwanza kila asiyejua kusoma afunzwe, na aliyekatiza skuli aimalize. Wale wachache wenye vyeti waruhusiwe Chuo Huria kwa ada ya familia zao au wafadhili, si kwa pesa za Bodi ya Mikopo, ili Sina Mkopo asinitafute. Na kila anayesomea shahada awe na darasa la wenziwe la kufundisha. Askari pia waingie. Yakhe, kuhusu cheti: cheti cha Huria kinaandikwa jina la Huria. Kiinua Miguu haiandikwi.

Yakhe wa Wete

Cheti kitasema Huria, lakini Wete itasema Kiinua Miguu. Hata hivyo la kufundishana nimelikubali.

Bi Mwana

Nimesoma yote. Fundi, Mungu akuzidishie, wewe sina neno nawe.

Yule wangu naye asome, siwezi kumzuia mtu asisome, dini yenyewe haikunifunza hivyo. Ila picha yake na joho isioneshwe kwenye televisheni ya ZBC watu wakapiga makofi. Nami nina suali. Binti yangu alipoteza mwaka mzima wa skuli kwa kesi ile. Asubuhi mahakamani, mchana analia, hesabu zikampita. Yuko nyuma mpaka leo. Mmempangia aliyemfanyia, darasa, vitabu, na mwalimu. Nani kampangia yeye?

Mtoto wa Kikwajuni

Bi Mwana, sikulifikiria. Jina la skuli yake usiliandike hapa. Nifungulie faragha unambie yuko darasa la ngapi. Hesabu nafundisha, na Ijumaa jioni nina nafasi.