Tupeane uzoefu: kugawanya kwa kuvunja namba vipande

Vumbi_la_Chaki
Uzi huu ni wa walimu, wazazi na watu wa tuisheni. Tunamzungumzia mtoto wa Gredi 4 hadi 6 anayekwama akiona 84 ÷ 6 kwa sababu jedwali lake la sita linaishia 60. Leteni hatua, mifano yenye namba, na pale anapoteleza. Habari za "sisi zamani tulichapwa" tuziache mlangoni.

Naanza. Mtoto akiambiwa "vunja namba", anavunja 84 kuwa 80 na 4, maana ndivyo alivyofundishwa makumi na mamoja. Hapo hajatoka popote: 80 haigawanyiki kwa 6 bila baki, na 4 haifiki hata sita moja. Vipande havichaguliwi kwa kuangalia namba inayogawanywa peke yake, vinachaguliwa kwa kumsikiliza anayegawa. Swali la kwanza liwe: sita mara kumi ni ngapi? 60. Kwenye 84 toa 60, inabaki 24. 60 kwa 6 ni 10, 24 kwa 6 ni 4, jibu 14.

Namba yoyote iliyo kati ya mara kumi na mara ishirini huanza hivyohivyo. 91 ÷ 7 ni 70 na 21. 128 ÷ 8 ni 80 na 48. 153 ÷ 9 ni 90 na 63. Afanye kama ishirini za aina hii kabla ya kuguswa na mamia.

Mama_Gredi4
Mwalimu, mbona 84 ÷ 4 inakubali 80 na 4? Mtoto atakuuliza kwa nini jana ilikubali na leo imekataa.

Vumbi_la_Chaki
Inakubali kwa bahati ya namba yenyewe, Mama: 80 inagawanyika kwa nne, na 4 pia. Ndiyo sababu sipendi mifano ya kuanzia kama 84 ÷ 4, 69 ÷ 3 na 48 ÷ 2. Kila tarakimu inagawanyika peke yake, mtoto anapata vyema zote na hajajifunza kitu. Anza na zinazokataa: 52 ÷ 4, 72 ÷ 3, 96 ÷ 8. Zile rahisi zitakuja kujifanya zenyewe baadaye.

Tuisheni_Mtaani
Kabla ya kalamu, mikono. Vifuniko vya soda ni vizuri kwa namba ndogo, lakini havifungiki mafungu. Tafuta vijiti vya meno na mipira midogo ya kufungia, ufunge kumi kumi.

Kwa 52 ÷ 4 mtoto awe na mafungu matano, vijiti viwili huru na sahani nne. Kila sahani inapata fungu moja. Limebaki fungu moja na vijiti viwili. Hapa ndipo wengi hupotea: anaona fungu moja haliwezi kugawiwa sahani nne, analiweka pembeni na kuandika "10 baki 12". Usimwambie amekosea. Muulize kama 12 zinatosha kuzunguka sahani nne tena. Atafungua fungu mwenyewe, na kila sahani itaongezewa vijiti vitatu.

Aandike 52 = 40 + 12 papo hapo, sahani zikiwa bado mezani. Ukingoja kesho yake uandike ubaoni, vijiti vitakuwa mchezo na hesabu itakuwa jambo jingine.

Konda_Mstaafu
Mtoto wa Nairobi anavunja namba tangu siku ya kwanza anatumwa dukani, ni vile hakuna anayemwambia kwamba hiyo ndiyo hesabu. Muulize thao moja (shilingi elfu) wakigawana watu wanane kila mmoja ataenda na ngapi. Thao ni soo (mia) kumi. Kila mtu soo moja, zimeenda nane, zimebaki mbili. Soo mbili ni mbao (ishirini) kumi. Kila mtu mbao moja, zimebaki mbao mbili, yaani bob (shilingi) arobaini. Arobaini kwa wanane ni bob tano tano. Jumla 100 + 20 + 5 = 125.

Kata noti za katoni: mia kumi, ishirini kumi, na sarafu za tano nane. Sharti ni moja, mabadilisho yote yapitie kwa "benki", mtu mmoja anayepokea soo na kutoa mbao tano. Wakiachwa wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, pesa zinapotea na hesabu haifungi. (Kama maisha tu.)

Baba_Mapacha
Samahani ndugu zangu, lakini njia ndefu tuliyosoma sisi ni mistari michache. Mbona tuwazungushe watoto?

Vumbi_la_Chaki
Hawazunguki, Baba Mapacha. Ni njia ileile, tofauti ni kwamba hii inasema waziwazi kile ile nyingine inachoficha. Chukua 745 ÷ 6:

745 toa 600 (sita mara 100), inabaki 145
145 toa 120 (sita mara 20), inabaki 25
25 toa 24 (sita mara 4), inabaki 1

100 + 20 + 4 ni 124, baki 1. Zile 1, 2, 4 unazoandika juu ya mstari ndizo mia moja, ishirini na nne zenyewe. Unaposema "sita kwenye saba inaingia mara moja", ile saba ni mia saba, na mtoto hajui.

Mpe pia 618 ÷ 6 kwa njia ndefu uone wangapi wataandika 13. Wanasahau sifuri ya katikati kwa sababu kwao ni alama tu ya kushusha. Akivunja 600 na 18 anapata 100 na 3, na 103 haimponyoki. Akishaelewa, mrudishe kwenye njia ndefu kwa amani. Mimi sina ugomvi nayo.

Mpigadaftari
Nyongeza ya haraka kwa 84 ÷ 6: kwenye daftari la hesabu lenye miraba, chora mstatili wa mistari sita kwenda chini na miraba 14 kwenda kando. Piga mstari wa rangi baada ya mraba wa kumi. Kushoto miraba 60, kulia 24. Mtoto anaona kwamba kuvunja hakujapoteza hata mraba mmoja. Ukishafika mamia achana na miraba, chora kisanduku tupu na uandike namba ndani.

Mwalimu_wa_Jioni
Hakuna aliyegusa kosa baya kuliko yote: kuvunja namba inayogawa. Mtoto aliyezoea kuzidisha anajua 7 × 12 ni 7 × 10 na 7 × 2, basi akipewa 96 ÷ 12 anafanya 96 ÷ 10 na 96 ÷ 2 akidhani ni mambo yaleyale. Mpe chapati 24 na watoto 6. Avunje 6 kuwa 4 na 2: 24 ÷ 4 ni 6, 24 ÷ 2 ni 12, jumla 18. Kila mtoto chapati 18 kutoka kwenye chapati 24? Atacheka mwenyewe.

Kinachoruhusiwa ni kugawa mara mbili mfululizo kwa namba zinazozidishana kufika pale. 96 ÷ 12: gawa kwa 3 upate 32, halafu 32 kwa 4 upate 8.

Kosa la pili ni kuacha baki kwenye vipande vyote viwili. 97 ÷ 4 akivunja 50 na 47 anapata 12 baki 2, na 11 baki 3, anaandika 23 baki 5. Tano ina nne ndani yake. Jibu ni 24 baki 1. Kanuni yangu: kipande cha kwanza kisiwe na baki kamwe, kama inavyoonyesha 80 na 17.

Na pale namba ikikaribia mia kamili, vunja kwa kupunguza. 594 ÷ 6 ni 600 kasoro 6, yaani 100 kasoro 1, ambayo ni 99.

Konda_Mstaafu
Kama namba inayogawa ni ya tarakimu mbili, tumieni gari. Wanafunzi 530 wanaenda ziara, matatu za abiria 14. Hapa usiseme "gawia", sema "pakia kumi na nne kumi na nne". Aandike kando kwanza: mara 1 ni 14, mara 2 ni 28, mara 5 ni 70, mara 10 ni 140, mara 20 ni 280. Kisha 530 toa 280, inabaki 250. Toa 140, inabaki 110. Toa 70, inabaki 40. Toa 28, inabaki 12. Magari 20 + 10 + 5 + 2 ni 37, na wanafunzi 12 bado wako steji. Kwa hiyo ni magari 38, si "37 baki 12".

Mama_Gredi4
Na asiyejua jedwali la saba kabisa?

Tuisheni_Mtaani
Mama, anahitaji kujua kuongeza maradufu, kuzidisha kwa kumi na kukata nusu tu. Mara 1 ni 7. Maradufu, mara 2 ni 14. Mara 10 ni 70. Nusu yake, mara 5 ni 35. Kwa 161 ÷ 7 atatoa 70, atatoa 70 tena, zinabaki 21, atatoa 14, atatoa 7. Mistari minne si dhambi. Wiki ijayo muulize kama zile 70 mbili zinaweza kutoka kwa mkupuo mmoja.

Alichotoa akiandike kushoto, mara ngapi akiandike kulia. Safu ya kulia ikijumlishwa ni 10 + 10 + 2 + 1, jibu 23. Ya kushoto ikijumlishwa lazima irudi 161. Isiporudi, kosa liko kwenye kutoa, halafu atafute ni mstari gani.