Nyumba ya Magomeni (kikundi cha familia)

Jumanne

Zuhura, 06:12: Assalamu alaykum. Shikamooni wakubwa. Friji la Bibi halipoozi. Jana usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, tangu hapo linaunguruma tu halafu kimya. Hamisi, naomba upite Magomeni kabla hujaenda kazini. Wengine someni hapa, kutakuwa na mchango.

Zuhura, 06:45: Naziona tiki za bluu jamani.

Zuhura, 07:04: Dawa za Bibi zimo humo. Chupa tatu za insulini hazijafunguliwa. Siongelei soda.

Rama, 07:31: Waalaykum salaam. Friji lile lile la Babu? Si lilitakiwa listaafu naye bandarini 😂

Asha, 07:32: 😂😂😂

Rama, 07:33: Mlipeni kiinua mgongo chake liende zake kijijini

Zuhura, 07:34: Rama. Dawa.

Baba Mdogo Idi, 07:50: Gesi hiyo imeisha. Wajaze gesi.

Hamisi, 08:22: Shikamoo Baba Mdogo. Niko kwa Bibi sasa hivi. Sio gesi. Taa ya ndani inawaka, kompresa inaunguruma sekunde chache, inasema "ta", inazima. Inapoa, inajaribu tena, "ta". Ingekuwa gesi imeisha, kompresa ingezunguka kutwa nzima ila baridi isiwepo. Hii haizunguki kabisa. Hiyo "ta" ni ovalodi inaikatia umeme isiungue. Nimechomoa plagi, asichomeke mtu mpaka niseme.

Baba Mdogo Idi, 08:30: Marahaba. Fundi wa pale kona aliitwa jana usiku. Kasema kompresa imekufa, laki mbili na nusu.

Hamisi, 08:31: Alipima na nini?

Baba Mdogo Idi, 08:33: Aliweka sikio.

Rama, 08:33: Daktari bingwa 😂😂😂

Asha, 08:34: Na aliondoka na soda moja 😂

Hamisi, 08:58: Mimi nimepima kwa mita. Kompresa ina pini tatu. Pea ya kwanza inasoma 12, ya pili 23, ya tatu 35. Mbili ndogo ukijumlisha unapata ile kubwa, ndivyo inavyotakiwa. Kutoka kwenye pini kuja kwenye bodi la kompresa mita haisomi kitu, maana yake haijashoti. Kompresa nzima hiyo, asiwadanganye mtu. Kilichokufa ni relei, ile inayoisukuma ianze kuzunguka. Nimeifungua, pointi zake nyeusi kama mkaa.

Zuhura, 09:00: Alhamdulillah. Bei?

Hamisi, 09:04: Relei na ovalodi yake nakadiria 20,000, nitajua nikifika Gerezani. Ila hii ni ya zamani, ya koili. Ndani kuna chuma kinanyanyuka na kushuka kwa uzito wake, kwa hiyo lazima ikae wima. Zinazouzwa siku hizi nyingi sio za hivi. Halafu tunahitaji kilinda friji. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha kwenye mabomba inakuwa bado haijasawazika, kompresa inashindwa kuanza, relei inaungua. Inatakiwa isubiri kama dakika 5.

Baba Mdogo Idi, 09:20: Lakini maadam limeshafunguliwa, wakate bomba waweke na gesi mpya, tusirudie kazi.

Hamisi, 09:27: Hapana Baba Mdogo, kwa heshima zote. Hapo ndipo litakapofia. Humo mna R12, gesi iliyokuwa inakula tabaka la ozoni. Ilianza kuzuiwa na mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama zetu mwisho wa kuitengeneza ulikuwa 2010. Ukiiachia leo huipati tena. Mafundi watakuwekea 134, na 134 haipatani na oili iliyo ndani ya kompresa hiyo. Inabidi ubadilishe oili, ubadilishe draya, ile chujio ya kunyonya unyevu, uvute hewa yote kwa pampu. Fundi wa kona hana pampu. Bomba lisiguswe, naomba sana.

Zuhura, 09:29: Mmesikia. Bomba lisiguswe.

Asha, 11:40: Dada usiwe na wasiwasi na dawa, nimezipeleka kwa Mama Nasra. Kaziweka friza chini ya barafu zake za kuuza, pana baridi kweli.

Zuhura, 11:41: ASHA

Zuhura, 11:41: Kazitoe. Sasa hivi. Insulini haigandishwi! Ikishaganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Inakaa kwenye baridi ya 2 mpaka 8, sehemu ya chini, mbali na friza.

Rama, 11:43: Bibi kesho anachomwa lambalamba 😂

Mariamu Mbagala, 11:44: 😂😂 ya ubuyu

Rama, 11:44: Ya ukwaju ndio haina sukari

Zuhura, 11:46: Rama, huyu ndiye aliyekulea mpaka darasa la saba. Funga mdomo. Asha jibu.

Asha, 12:02: Nimezitoa. Moja ina vipande vya barafu ndani. Mbili bado maji.

Zuhura, 12:03: Hiyo moja usimpe. Na hizo mbili zilikaa friza muda gani? Piga picha, nampelekea nesi wa kliniki aseme kama zinafaa. Asipojua tunanunua mpya. Anayoitumia sasa iko wapi?

Asha, 12:05: Mezani kwake.

Zuhura, 12:06: Iliyoanza kutumika kwa kawaida inavumilia nje wiki kama 4, ila joto lisipite 30, na chumba kile mchana mnakijua. Chukua vile vyungu viwili vya uani, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, mwagia maji, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa iwe kwenye mfuko isilowane. Maji yanavyokauka ndivyo ndani panavyopoa.

Shangazi Mwajuma, 14:15: Nimesoma yote. Mimi nasema liuzwe kwa wachuma vyuma, tuchange tununue jipya dogo. Linakula umeme, mpira wa mlango umelegea, ukibana noti mlangoni inatoka bila kuvuta.

Zuhura, 14:20: Shikamoo Shangazi. Mpira unabadilishwa.

Shangazi Mwajuma, 14:26: Marahaba. Lile friji mimi silipendi na sababu mnaijua. Tangu Iddi ya 2003 naambiwa mimi ndiye niliyechokonoa barafu kwa kisu nikatoboa friza. Mbele ya wakwe zangu! Gesi ilijazwa kwa hela yangu. Hakuna aliyewahi kuniomba radhi.

Baba Mdogo Idi, 14:31: Mwajuma hayo yameshapita.

Shangazi Mwajuma, 14:31: Yamepita kwako. Na mabati ya uani niliyochangia yako wapi Idi?

Rama, 14:32: Eeh hapo sasa 😂

Mariamu Mbagala, 14:33: Rama wewe 🙈

Baba Mkubwa Shaabani, 15:10: Assalamu alaykum. Nimesomewa. Friji hilo baba alilinunua mwaka 1978, akalibeba kwa mkokoteni na mama akitembea nyuma yake. Mama yupo hai. Halitoki ndani ya nyumba ile yeye akiwa hai, na hakuna atakayemuuliza. Hamisi alitengeneze. La pili. Siku ile ya kisu mimi nilikuwepo jikoni. Mwajuma hakushika kisu. Aliyekishika tumeshamzika na tunamuombea. Lisitajwe tena.

Zuhura, 15:41: Tumekusikia Baba Mkubwa.

Shangazi Mwajuma, 15:58: Shukrani kaka.

Shangazi Mwajuma, 16:02: Zuhura nimetuma 30,000.

Zuhura, 16:05: Imefika Shangazi, Allah akubariki. Asha 5,000 imefika. Rama?

Rama, 16:20: Kesho asubuhi dada, bila kukosa.

Hamisi, 17:47: Nimeshuka mwendokasi Gerezani toka saa tisa, nimezunguka maduka yote ya vifaa vya friji. Zipo za kisasa tu, pini hazilingani. Kuna mzee anavunja kompresa kuukuu, kasema anayo ya koili, ila stoo yake imefungwa mpaka kesho. Anataka 15,000. Nikiipata naifunga jioni.

Zuhura, 17:50: Mzee huyo unamwamini?

Hamisi, 17:52: Naenda na mita yangu.

Zuhura, 17:53: Kilinda friji bado. Nani anachukua?

Zuhura, 18:30: Nani anachukua kilinda friji?

Baba Mdogo Idi, 18:41: Ninacho kimoja dukani. Nitakileta.

Zuhura, 18:41: Lini Baba Mdogo?

Asha, 18:55: Dada, nesi kasema zote tatu zitupwe. Na Mama Nasra anasema kesho ana juisi za harusi, hata tukinunua mpya hana nafasi ya kutuwekea.

Zuhura, 18:57: Basi niambieni nani ana friji zima karibu na Magomeni. Mariamu, yule wifi yako wa Kigogo?

Mariamu Mbagala, 19:20: Hatuongei tangu mwezi wa Shaabani. Ngoja nimtumie mtu.

Zuhura, 19:21: Mtume leo. Baba Mdogo, hujanijibu, lini?

Baba Mdogo Idi, 20:03: Nitaangalia kesho baada ya adhuhuri.