Makala ya redio kuhusu Bobby Friction na Waasia wa Uingereza: nianzie wapi?

mawimbi_tanga

Wakuu, salaam. Ninaandaa makala ya redio ya dakika 28 kuhusu Bobby Friction, mtangazaji aliyejulikana BBC Asian Network, redio ya BBC kwa watu wenye asili ya Asia Kusini, na namna alivyoufanya muziki wa watoto wa wahamiaji wa Asia Kusini usikike Uingereza nzima. Wasikilizaji wako Tanga na Mombasa, na wengi hawamjui kabisa. Naomba msaada kwa mambo matatu. Nianze na nini ili mtu asihame stesheni? Hawa watu niwaiteje hewani? Na bhangra, muziki wa dansi wa Kipunjabi, niichanganyeje na sauti ya msimulizi? Kwenye mchanganyo wa kwanza dhol, ile ngoma kubwa ya bhangra, imemeza maneno yote.

---

kumbukumbu_hewani

Mkuu, usianze na kuzaliwa kwake. Anzia Uganda, Agosti 1972, Idi Amin anawapa Waasia siku 90 waondoke. Hapo msikilizaji wa Pwani ameshakaa, maana hayo ni mambo ya jirani. Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Wakaenda kwa maelfu. Lisome lile tangazo kwa sauti kavu, bila muziki chini yake.

Kisha ruka: mwaka 1976 BBC Radio Leicester inaanzisha kipindi cha kila siku kwa ajili ya Waasia wa mji ule. Tarehe 30 Oktoba 1988 vipindi vya Leicester na vya BBC WM ya Birmingham vinaunganishwa, na Asian Network inazaliwa kwenye mawimbi ya kati. Oktoba 2002 inawafikia wasikilizaji wa nchi nzima kupitia redio ya kidijitali. Yote haya yaishe ndani ya dakika 6.

Ndipo umlete Friction, kwa tahadhari moja: yeye ni Mpunjabi (asili yake ni Punjab, eneo lililogawanyika kati ya India na Pakistan) wa magharibi ya London. Usimfanye mtoto wa Kampala ili hadithi ikae vizuri. Wapunjabi wengi wa Southall na Hounslow, vitongoji vya huko, walitoka Punjab moja kwa moja, ingawa ziko pia familia za Wasikh zilizopitia Kenya na Uganda. Ukilichanganya hili, Msikh wa kwanza atakayesikiliza atakupigia simu.

Kiini cha makala yako ni 2002. Friction na Nihal Arthanayake wanapewa kipindi chao Radio 1, redio ya vijana ya nchi nzima, na 2003 kipindi kinashinda tuzo ya Sony, tuzo ya redio Uingereza. Eleza kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Miaka ya 1980 vijana wengi wa Kiasia walicheza bhangra kwenye disko za mchana, kwa kuwa wazazi hawakuwaruhusu kutoka usiku. Muziki ulijaza kumbi na kuuzwa kwa kaseti madukani kwa Wahindi, lakini redio kubwa hazikuugusa. Mwaka 1999 Talvin Singh, mpiga tabla (ngoma ndogo za Kihindi), alishinda tuzo ya Mercury ya albamu bora ya mwaka na milango ikafunguka kidogo. Friction na Nihal wakaupeleka muziki huo kwenye redio ambayo Mwingereza wa kawaida anaisikiliza, tena bila kuutafsiri.

Usiache mwaka 2010, BBC ilipotangaza mpango wa kuifunga Asian Network. Wasikilizaji walipinga, na 2011 mpango ukaachwa, japo bajeti ilikatwa. Hapo ndipo msikilizaji wako ataelewa kwamba kituo kama hiki hakina uhakika wa kesho.

---

mhariri_makadara

Kuhusu majina. Kwetu "Mhindi" ni yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, hata babu yake akiwa wa Lahore, Pakistan. Uingereza hilo halipiti: Mpakistani au Mbangladeshi akiitwa Mhindi atakusahihisha papo hapo. Nihal, kwa mfano, wazazi wake ni wa Sri Lanka. Kwa upande mwingine, ukisema "Waasia" tu, msikilizaji wa leo anaweza kufikiria Wachina. Basi dakika ya kwanza sema mara moja: "watu wenye asili ya India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka, ambao Uingereza huitwa Waasia". Baada ya hapo tumia "Waasia" bila kurudia maelezo. Wao wenyewe hupenda "desi", nalo litumie linapotoka kinywani mwa mhojiwa.

"Singasinga" na "Kalasinga" yaache kijiweni. Wako wasioudhika, na wako wanaosikia dharau ndani yake. Hewani sema Msikh, Wasikh.

Matamshi: dhol ni silabi moja, wengi wanaitamka "doli" na inakera. Bhangra isiwe "bangara".

Na kama una dakika moja ya ziada, itumie kwenye chakula. Migahawa ya Wagujarati Leicester na London inauza mogo, yaani muhogo wetu, na jina limesafiri pamoja na watu. Msikilizaji wa Tanga akisikia hivyo hahitaji mhadhara wa utambulisho.

---

fundi_sauti

Tatizo la dhol lina sababu yake. Upande mmoja hupigwa kwa fimbo nene iliyopinda, dagga, na hutoa besi. Wa pili kwa fimbo nyembamba, tilli, na hutoa mlio mkali. Besi inagombana na kifua cha sauti ya mwanamume, na ule mlio mkali unafunika konsonanti. Kupunguza sauti ya jumla peke yake hakutoshi.

Fanya hivi. Kwenye njia ya muziki pekee, kata kila kitu chini ya hezi 180. Punguza desibeli 4 hivi kati ya hezi 2,000 na 4,000, ambako maneno yanasikika. Kisha ushushe muziki wote uwe desibeli 15 hadi 18 chini ya msimulizi. Uanze kushuka nusu sekunde kabla hajafungua mdomo. Ukichelewa, neno la kwanza linapotea. Usiweke wimbo wenye mwimbaji chini ya maneno, hata kama Kipunjabi hakieleweki kwa msikilizaji, kwa sababu sikio hufuata sauti ya binadamu. Tafuta sehemu ya ala tupu.

Kipande cha muziki kinachosimama peke yake kiwe sekunde 20 hadi 30, nawe ukikate mwisho wa mzunguko wa mapigo. Ukikata katikati ya mzunguko, hata asiyejua bhangra atahisi amekwaa.

Msimulizi wa Kiswahili husoma maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Ukitenga dakika 8 za muziki na 7 za mahojiano, zinabaki 13, kwa hiyo hati isizidi maneno 1,500.

---

mawimbi_tanga

Ahsanteni sana. Hati yangu ina maneno 2,600, naikata leo. Je, vipande vya vipindi vyake vya zamani naweza kuvirekodi kutoka mtandaoni?

---

kumbukumbu_hewani

Usifanye hivyo. Kuwa mtandaoni hakumaanishi ruhusa. Iandikie BBC ukitaja kipindi, tarehe, sekunde unazotaka na mahali utakaporusha. Na utaje podikasti mapema: leseni ya muziki ya kituo chako kwa kawaida ni ya hewani tu, na makala nyingi huondolewa mtandaoni kwa kosa hilo. Majibu yakichelewa, visimulie kwa maneno yako na umhoji mtu aliyehudhuria zile disko za mchana.