Mombasa–New York: mbona kila mtu ana masaa yake?

Mja wa Likoni: Salaam wadau. Namkatia mamangu tiketi ya New York mwezi wa saba. Kikokotoo cha mtandaoni chasema kilomita 12,260, masaa 14. Wakala asema 20. Tiketi nayo yaonyesha anaondoka Nairobi 23:55, anafika 07:55, yaani masaa manane! Nishike lipi? Na apitie Nairobi ama Dubai?

Dira: Yote matatu ni sawa, kila moja lapima kitu chake. Kikokotoo kimechukua mstari mfupi kabisa juu ya tufe, kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi JFK, uwanja wa New York, kikagawanya kwa kilomita 900 kwa saa, kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege ya safari hiyo haipo. Wakala amejumlisha: saa moja Mombasa–Nairobi, manne ya kungoja, 15 angani.

Tiketi huandika saa za pale unapotua. Julai New York iko nyuma yetu masaa 7. Ongeza 15 juu ya 23:55, wapata 14:55 ya kwetu. Toa 7, ni 07:55. Wenzetu hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hivyo hadi Machi tofauti huwa 8.

Mja wa Likoni: Shukran kaka. Na kurudi mbona ni 14?

Dira: Upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kimo cha mita 10,000 hivi, upepo huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. Kwenda ndege yaukata, kurudi waipiga mgongoni.

Kuhusu njia: Nairobi imekaa karibu juu ya mstari wenyewe. Kilomita 425 hadi Nairobi, 11,840 hadi JFK, jumla 12,265. Dubai ni 3,675 na kama 11,000, karibu 14,700. Huko ni kwenda kaskazini mashariki kwanza ndipo urudi magharibi. Labda bei iwe ya kutupwa.

Bi Mkubwa wa Kisauni: Mwanangu, kilomita hazimchoshi mama kama mabegi. Mkatie tiketi moja Mombasa hadi New York. Ukikata mbili, Nairobi atachukua mizigo mwenyewe na kuipeleka upya. Na ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngoji. Hakikisha pia ndege ya ndani yatua JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi: ikiandikwa WIL ni Wilson, uwanja mwingine, na foleni ya mjini waijua. Kiti cha magurudumu kiombe masaa 48 kabla, hakilipiwi.

Mja wa Likoni: Treni ya SGR je?

Bi Mkubwa wa Kisauni: Miritini hadi Syokimau ni masaa matano, sita, na JKIA iko jirani. Lakini kisha akae 15 tena kitini? Mpandishe ndege. Na mkitoka Likoni piteni barabara ya Dongo Kundu, feri msiibahatishe.

Dira: Mkibadilisha tarehe, angalieni sana saa. Tiketi ya 00:25 tarehe 15 maana yake yuko uwanjani usiku wa tarehe 14.