XR150L ya mradi au CRF250L iliyolala? Narudi kwenye pikipiki baada ya miaka 14

Kobe_wa_Bagamoyo

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaozijua pikipiki, madalali nimeshawasikia vya kutosha.

Nimekaa miaka 14 bila kuendesha. Sasa nataka ya matembezi tu: Jumamosi Bagamoyo na kurudi, sikukuu moja moja Lushoto, njia za vumbi kidogo. Kazini nakwenda na gari. Niko Dar, urefu sm 168, kilo 82, na mgongo umeanza kudai haki zake.

Nimeonyeshwa mbili, bei zimekaribiana. Ya kwanza ni Honda XR150L ya 2018, ilikuwa ya mradi mkoani, odo (kilomita ilizotembea) 31,000, namba bado za DFP. Ya pili ni Honda CRF250L ya 2013, ilitoka Japani, odo 14,000, imekaa gereji karibu miaka miwili na muuzaji anasema "inataka betri tu". Moyo uko kwa 250. Nikague nini, nianzie wapi?

Spana_10

Kobe, hapo una pikipiki iliyochoka na pikipiki iliyolala. Maradhi yake hayafanani, kwa hiyo usizikague kwa orodha moja.

Lakini zote mbili zianzie hapa: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa na joto, kaa usubiri ipoe kabisa. Ugumu wa kuwaka, kelele za tapeti na moshi wa asubuhi vyote hupungua injini ikishapata moto, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe. Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha kisha ukapotea ni sili za valvu. Wa bluu unaozidi kila ukipiga resi ni ringi za pistoni, na hapo silinda inafunguliwa. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa lililoziba. Mweupe wa dakika ya kwanza ni mvuke tu. Ila kwenye CRF, inayopozwa kwa maji, ule mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya hedi.

XR sasa. Pikipiki ya mradi imepita mikono mingi, kwenye vumbi, na mizigo nyuma. Usiitazame odo peke yake; waya wa spidi ukikatika mwezi mzima, odo haihesabu kitu. Tazama mpira wa pedeli ya gia, sehemu za kukanyagia, tundu la ufunguo. Vikiwa vimelika kama vya bodaboda wa miaka mitano, 31,000 ni hadithi.

Kitu kinachoua injini hizi ni vumbi. Fungua kifuniko cha chujio la hewa, toa chujio, kisha pangusa kwa kidole upande wa ndani, ule unaoelekea kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, injini imelivuta kwa muda mrefu, hata kama leo haitoi moshi. Mimi nikikuta hivyo sijadiliani bei tena, naondoka.

Ukikuta safi, endelea na chini. Weka kreti chini ya injini tairi la mbele liinuke, kisha zungusha usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukisikia unanasa kidogo ukifika katikati, gololi za shingo (pale usukani unapozungukia) zimechimba vikombe vyake. Shika miguu ya shokapu ya mbele uivute mbele na nyuma; ikicheza, ni shingo hiyo hiyo imelegea. Hamia nyuma, shika swingamu (mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma) uisukume kushoto na kulia: haitakiwi kucheza hata milimita. Gonga spoku moja moja kwa spana, zilie sauti inayokaribiana. Inayolia "tap" butu imelegea au imevunjika. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa, ikiachia nusu ya jino au zaidi imeisha, na meno yaliyopinda kama mawimbi yanakwambia hivyo hivyo. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi ya zamani inaliwa haraka.

Halafu uiendeshe. Klachi: weka gia ya nne mwendo mdogo, fungua mafuta yote kwa mara moja. Injini ikipanda mlio na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Gia: gia ya pili, vuta mafuta kwa nguvu, achia, vuta tena. Ikiruka kurudi fri, gia zenyewe zimelika na lazima injini ipasuliwe.

CRF iliyolala ina mambo yake. Haina kabureta, ina pampu ya petroli ndani ya tenki na injekta. Petroli ya miaka miwili hugeuka gundi. Nenda na betri yako ya volti 12 iliyochajiwa. Ukifungua swichi usikie pampu ikiunguruma sekunde kama mbili kisha inyamaze. Isipounguruma na fyuzi ni nzima, anza kuhesabu bei ya pampu. Mulika tenki kwa tochi: kutu na rangi ya chai sio dalili njema. Kabla hujaiwasha, petroli hiyo itolewe yote na iwekwe mpya lita mbili tatu, usije ukasukuma uchafu wote kwenye injekta.

Ikishawaka, pima betri. Injini imezimwa iwe volti 12.4 hadi 12.7. Ikiwa na resi ya katikati iwe kama 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, hiyo "betri tu" ni rektifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji) au koili za kuchaji. Na ujue CRF hii haina kiki. Betri ikifa kabisa porini, hata kuisukuma haitasaidia, kwa sababu pampu na kompyuta vinahitaji umeme. XR ina stata na ina kiki.

Karatasi_Kwanza

Mkuu Kobe, kabla ya spana kuna hilo la DFP. Namba hizo ni za miradi ya wafadhili, na vyombo vyake huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha hauhami na chombo. Ukikinunua wewe mtu binafsi, kodi iliyosamehewa inadaiwa ndipo kipewe usajili wa kawaida. Kwa hiyo ulizia: nani analipa kodi hiyo, na imeshakadiriwa na TRA (Mamlaka ya Mapato)? Jibu la "tutamalizana" lisikutoe nyumbani. Pata kwa maandishi barua ya taasisi inayoruhusu kuuzwa, yenye muhuri na jina la aliyesaini, au hati za mnada kama iliuzwa mnadani. Kama aliyekuonyesha pikipiki si aliyenunua mnadani, kuna mtu wa kati, naye lazima awe na mkataba wake.

Kwa zote mbili: namba ya chesi imegongwa kwenye shingo, ya injini iko kwenye kava la chini. Zisome mwenyewe kwa tochi, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi halisi, nakala usiikubali. Chuma kilichosuguliwa au rangi mpya mahali hapo tu, acha. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya barabarani uone faini. Mkataba uandikwe kwa wakili, muuzaji alete kitambulisho na TIN (namba ya mlipakodi), na uhamisho wa umiliki uanze siku hiyo hiyo. Jina likibaki la mwenzio, makosa yanakuja kwake na wizi ukitokea huna pa kusimamia.

Na leseni yako itazame. Kama imekaa na daraja la gari peke yake, la pikipiki lishughulikie kwanza.

Matuta_Polepole

Wenzangu wamemaliza chuma, mimi naangalia mpandaji.

Kiti cha CRF250L kiko sm 87.5 kutoka chini. Cha XR150L ni sm 82.5. Kwa urefu wa 168 tofauti hiyo ni kubwa: kwenye XR unakanyaga kwa mbele ya nyayo zote mbili, kwenye CRF unasimama kwa vidole vya mguu mmoja. Kwenye lami iliyonyooka haijalishi. Inajalisha foleni ya Tegeta, mchanga, na pale unaposimama kwenye mteremko mguu ukakosa chini. Pikipiki nyingi za matembezi huanguka zikiwa zimesimama. XR ina kama kilo 130, CRF kama 145, na kilo hizo zinakaa juu zaidi.

Kwa nguvu, 250 inakupa utulivu ukiwa 90 kwa saa. XR kwa mwendo huo inalia na basi likikupita linakuyumbisha. Lakini tenki la CRF hiyo ni lita 7.7. Safari ya Lushoto unaipanga kwa vituo vya mafuta. XR inabeba 12.

Matairi pia. XR ina inchi 19 mbele na 17 nyuma. 17 ipo kila kona kwa sababu ya bodaboda. CRF ni 21 na 18, na 21 utaiagiza. Beba tyubu ya 21: ukikwama inaweza kuingizwa hata nyuma ikufikishe mjini, mwendo wa pole.

Kobe_wa_Bagamoyo

Nashukuruni sana wakuu. Nimekwenda kuziona zote jana na leo.

XR: injini ilikuwa baridi, imewaka kiki ya pili, haina moshi, ndani ya chujio pasafi kabisa. Usukani unanasa katikati kama alivyosema Spana. Cheni inaachia. Kodi ya DFP muuzaji ana karatasi ya makadirio, anasema analipa yeye.

CRF: pampu inaunguruma, imewaka kwa betri yangu, chaji 14.1. Breki ya mbele inazama hadi karibu na mshikio. Tairi la mbele limeandikwa 0313. Shokapu moja ya mbele ina duara la mafuta. Je, kiti cha CRF kinaweza kushushwa?

Spana_10

0313 ni wiki ya 3 ya mwaka 2013. Hilo ndilo tairi lililotoka nalo kiwandani. Hata kama kashata (vitufe vya tairi) zote zipo, raba imekauka, na kwenye lami ya mvua itakutupa bila taarifa. Weka mapya mbele na nyuma na tyubu mpya kabla hujaiendesha kokote.

Breki inayozama ni hewa au mafuta ya breki yaliyonyonya maji. Yamwagwe yote, iwekwe DOT 4 mpya, itolewe hewa. Lever ikiendelea kushuka polepole ukiishikilia, sili za masta silinda zimekufa. Duara kwenye shokapu ni sili. Pitisha ukucha kwenye bomba, ukikuta vidonda vya kutu, sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Ongeza maji ya rejeta mapya, plagi, na oili yenye maandishi JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano huifanya klachi ya pikipiki iteleze.

Kushusha inawezekana kwa kubadilisha linki za shokapu ya nyuma na kuteremsha miguu ya mbele kwenye klampu, lakini stendi nayo inabidi ikatwe, na mashimo utayasikia mgongoni. Huo mgongo umeusema mwenyewe.

XR inadai gololi na vikombe vya shingo, cheni na sproketi. Fundi mzuri anamaliza siku moja, vipuri havisumbui. Hesabu yangu ni XR, kwa sharti moja: hela yako isitoke kabla ya risiti ya kodi. Makadirio si malipo.

Karatasi_Kwanza

Hapo nasimama na Spana. Lipeni pamoja: yeye alipe kodi kwa namba ya malipo ya TRA wewe ukiwepo, na kama hana fedha mkononi, uilipe wewe moja kwa moja TRA ukate kiasi hicho kwenye bei.

Matuta_Polepole

XR. Ila mwezi wa kwanza usifike Bagamoyo.

Tafuta uwanja mtupu asubuhi, dakika 40, mara nne. Zungusha namba nane mwendo wa kutembea, klachi nusu, breki ya nyuma ikigusa kidogo, macho yatazame unakokwenda na si tairi. Kisha breki ya dharura: 30 kwa saa, baadaye 40, ukiikamua ya mbele kwa kuongeza nguvu taratibu ndani ya sekunde moja. Mkono uliokaa miaka 14 huikamata ghafla, tairi linafunga, unalala. Kwenye vumbi mbele iguswe kwa vidole viwili tu, kazi kubwa ifanywe na nyuma.

Helmeti ya zamani usiivae, povu lake limekufa. Nunua yenye alama ya ECE 22.06, ikubane mashavu.

Ukianza safari ndefu, pita Bagamoyo utokee Msata, unaepuka malori ya Kibaha na Chalinze. Mombo kupanda Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kona, na shida iko kwenye kushuka. Breki ya nyuma ya XR ni ya dramu. Ukiikanyaga mfululizo inapata moto na kuacha kushika. Shuka na gia ya pili au ya tatu, piga honi kabla ya kona usiyoiona, na kaa kushoto kabisa, maana kosta za pale hukata kona.