Peptidi kwa kovu la upasuaji: zinasaidia kweli?

Mwuliza: Kovu langu la tumboni limeinuka, jekundu, linawasha hadi usingizi unakata. Shoga yangu ananishawishi nidungwe BPC-157, peptidi (kipande kifupi cha protini). Kuna aliyejaribu?

Jibu: Achana nayo, dada. Marekani haijaidhinishwa kuwa dawa, na ushahidi wake mwingi ni wa panya. Afadhali GHK-Cu, peptidi ya shaba iliyotambuliwa 1973. Hiyo hupakwa, ila huchochea kolajeni, protini inayojenga ngozi. Na kovu lililoinuka tayari lina kolajeni ya kumwaga!

Jibu: Langu lililainika kwa vibandiko vya silikoni. Vinachosha, hasa ukitoka jasho.

Mwuliza: Kidonda kimefunga miezi miwili tu.

Jibu: Bado changa hilo, kovu hubadilika hata mwaka mzima. Likivuka mipaka ya kidonda, hiyo keloidi: muone daktari wa ngozi, kuna sindano za steroidi.